Mnafu wa maziwa usiokatika

Mimi ni wa Tanga, nimeolewa Moshi, na mwaka wa kwanza nilimpikia mama mkwe mnafu wa maziwa, ile mboga ya majani machungu, kwa mazoea ya kwetu. Nyanya mbili, ndimu kidogo, kisha nikamwaga maziwa juu moto ukiwaka vizuri. Yakakatika papo hapo. Sufuria ikajaa chembechembe nyeupe zinazoelea kwenye maji ya kijani. Mama akaonja, akameza, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umetupikia mtindi?" Wifi yangu alicheka hadi akatoka nje. Ndiye baadaye aliyenishika mkono jikoni.

Mnafu nanunua sokoni Mbuyuni, kwa akina mama wanaoshuka na mizigo kutoka Kibosho na Uru. Kwa watu wanne chukua mafungu matatu makubwa. Usiogope wingi wake, ukishaiva utabaki kama ngumi mbili. Tafuta wenye vichwa laini. Shina lisilokatika kwa kucha limekomaa, liache. Maua toa, na vile vitunda vya kijani tupa vyote. Osha kabla ya kukata, maji matatu, au manne kama mvua ilinyesha, kwa sababu udongo hung'ang'ania chini ya jani na mchanga ukigusa jino hakuna tena chakula.

Krimu siinunui. Kila jioni nachemsha lita mbili za maziwa ya jirani anayefuga ng'ombe wa ndani, kisha naacha sufuria ipoe bila kuigusa, nimeifunika kawa. Asubuhi juu kuna utando wa manjano, mzito, unaoinuka na kijiko kama kitambaa kilicholowa. Kwetu tunauita malai. Naukusanya kwenye kibakuli ndani ya friji, siku mbili tatu, hadi vifike vijiko vinne vya chakula. Watoto wangu wanaupenda na chai, kwa hiyo kibakuli nakificha nyuma ya sukuma wiki.

Chemsha maji mengi, tia chumvi kidogo, kisha mnafu. Sufuria iache wazi, dakika 7 hadi 10. Onja. Ukiwa bado mchungu sana, mwaga maji, tia mengine ya moto, dakika tatu tena. Ila usiuondoe uchungu wote. Wifi husema ukitaka usio na uchungu si upike mchicha tu, na hapo nakubaliana naye. Chuja, kamua kwa mgongo wa mwiko.

Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, kilainike tu, kisiwe kahawia, maana kitaharibu rangi. Punje mbili za kitunguu saumu zinatosha. Nyanya hapana. Ndimu hapana. Vitu vichachu ndivyo vinavyokata maziwa; anayetaka nyanya nampa kachumbari pembeni.

Sasa tia mnafu na usikilize. Mwanzo utasikia maji yakitokota, blup, blup. Geuza geuza dakika tano hivi, hadi sauti ibadilike iwe ya kukaanga, ile ya kuchirizika, na ukivuta mboga kando usione maji chini ya sufuria. Wengi hawana subira hapa, ndiyo maana mboga yao inakuwa supu.

Punguza moto. Kama unapikia mkaa, toa makaa mawili matatu. Mimina robo kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, yawe vuguvugu, yasiwe yametoka kwenye friji. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga upande mmoja. Maziwa ya juzi usiyaamini: chemsha kijiko kimoja kwanza, yakiganda umepona. Yakishanyweka kwenye mboga, ndipo utie malai. Ni desturi ileile ya tui: jepesi hupikia, zito huingia mwisho na halichemki. Miaka yote naijua kwa nazi, na sikuwahi kufikiri kwamba ng'ombe naye ana tui zito.

Koroga dakika mbili. Ukiona vipovu vidogo pembeni, epua. Onja chumvi sasa, si mapema, kwa sababu ile ya kuchemshia ilishaingia. Mboga iwe nzito, ishike mwiko, na ing'ae kidogo.

Huwa naipakua na ugali na nyama ya kukaanga, au ndizi za kuchoma. Malai yakikosekana, karanga zilizotwangwa laini na kukorogwa na maziwa zinafanya kazi, ingawa mama mkwe ataijua tofauti kabla hajakaa.

Ikilala, itaganda kama uji. Siku ya pili iongeze vijiko viwili vya maziwa, iweke juu ya moto mdogo kabisa, na usiondoke hapo kwenda kuchukua simu.