Kuvua kwa unyoya na kupika ufukweni Kigoma, sisi na familia tunafanya hivi

Wadau, kila nikisema Jumapili tulikuwa Ziwa Tanganyika na watoto, shemeji na majirani wawili, naulizwa yale yale, mnavulia nini, mnapata kweli, mnakula wapi, basi leo nayaweka yote. Mimi nina duka la spea za pikipiki hapa Kigoma mjini, sio mvuvi wa biashara, uvuvi wangu ni ndoano na mshipi wa mkononi tu.

HATUA YA 1: angalia mwezi kwanza

Namaanisha mwezi wa angani. Dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika na wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo wikiendi ya giza ukipita mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, saa moja asubuhi migebuka ni wa kumwaga na bei inaongeleka, wikiendi ya mwezi mpevu utalipa mpaka ushangae.

Sasa utasema si tunaenda kuvua wenyewe, Kibirizi ya nini? Mara ya kwanza nilimpeleka mama mkwe ziwani nikiwa na unga, mawese na majigambo, nikavua toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba mchana nikatoa visamaki vitatu vya saizi ya kidole, tukala ugali na kachumbari. Mama hakusema kitu, ila njiani kurudi akamuuliza mke wangu, "Hivi huyu dukani huwa anauza kweli?" Toka siku ile napitia mwaloni kwanza, nanunua migebuka wanne watano naweka kwenye ndoo yenye barafu, tukipata wetu ni nyongeza.

Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla hujatoka muulize afisa uvuvi au watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, pale mwaloni, na habari ya leseni uliza hapo hapo, usijiambie kandoano kamoja hakahesabiki.

HATUA YA 2: funga unyoya

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Wazungu wanaovua trauti kwenye mito ya baridi ya milimani wanatumia nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya, na wazo letu ni hilo hilo, kumdanganya samaki kwa kitu kinachofanana na mlo wake. Trauti mwenyewe hapa asingetoboa, anataka maji baridi na ziwa letu juu ni la uvuguvugu, nyuzi 25 na kuendelea karibu mwaka mzima, ila akili ya unyoya inafanya kazi.

Chukua unyoya mweupe wa shingoni kwa kuku, mwembamba, usizidi urefu wa kidole gumba. Ulaze kwenye shina la ndoano namba 8, ncha ya unyoya ipite kidogo nyuma ya mkunjo, halafu zungusha uzi mwekundu wa kushonea kuanzia karibu na tundu kurudi nyuma, mizunguko kumi na tano hivi ya kubana, malizia kwa fundo mbili na tone la gundi ya supa. Ukiuvuta kwenye beseni la maji unatakiwa upepee kama kadagaa kanakokimbia. Ukizunguka kama pangaboi umefunga upande, fungua anza upya.

Nailoni ya 0.30 inatosha. Pitisha kwenye tundu la ndoano, ikunje irudi, izungushie yenyewe mara sita, kisha ncha irudi kwenye kile kitundu kidogo kilichobaki karibu na ndoano, lowanisha na mate ndo uvute taratibu. Mate sio ushirikina, nailoni ikivutwa kavu inapata joto na kudhoofika, nimepoteza samaki kwa uvivu wa kutema mate. Juu kidogo, kama mkono mmoja, bana kipande kidogo cha risasi ili ndoano ifike.

Watoto wape ndoano namba 12 na minyoo, wasisumbuliwe na manyoya.

HATUA YA 3: kuvua

Fika kabla jua halijawa kali na upepo haujaamka. Sisi tunapenda upande wa Katonga, sehemu yenye mawe na mchanga kwa pamoja. Midomo ya mito kama Malagarasi achana nayo ukiwa na watoto, kuna mamba. Na ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi linaanza kushuka karibu tu na ufukwe, kwa hiyo mtoto akae anapoonekana na laifu jaketi mwilini hata akilia.

Maji ni kioo, ukimwona samaki ujue na yeye kashakuona. Chuchumaa, kivuli chako kisianguke mbele, rusha mbali, hesabu mpaka tano, vuta kwa vipande vifupi vifupi na kupumzika. Wengi wanakamata unyoya ukiwa unazama, sio ukivutwa. Kuhe akikukamata utajua, na kwenye ukoo wa kina sato ndiye mkubwa kuliko wote duniani. Ila ukiona kuhe wawili wakubwa wamezungukwa na wingu la watoto, hao wanalea, sogea pengine.

HATUA YA 4: moto na sufuria

Mafiga matatu, mkaa, upande usio na upepo. Parua, toa matumbo na matamvua, chanja mbavuni mara tatu, paka chumvi ya Uvinza na limao, acha dakika ishirini, na mtu mmoja alinde kwa sababu mwewe wa hapa hawana aibu, shemeji aliporwa mgebuka mkononi akiwa anapiga stori. Choma mpaka jicho liwe jeupe na nyama iachie mfupa.

Hapo wengi wanaishia, mimi nasema hapana. Bandika mawese mpaka yachangamke ila yasitoe moshi, kitunguu, nyanya nyingi, pilipili nzima isipasuke, maji kikombe, kisha mlaze yule mgebuka uliyemchoma ndani ya rojo dakika kumi bila kumgeuza maana atavunjika. Ugali ni wa muhogo, songa ukiwa mlaini kidogo kwa sababu ukipoa unakaza. Sombe, yaani kisamvu, tunaipika nyumbani kabisa, inachukua muda.

Mwagia maji jivu mpaka liache kulia, okota vipande vyote vya nailoni, ndege wananasa. Na kabla hujaanza kugawa, kichwa cha mgebuka mkubwa weka kwenye sahani ya peke yake, funika. Hicho cha mama mkwe, hata kama amebaki nyumbani.