Kuchagua siti ya ngozi kwa anayeendesha baiskeli akiwa wima

Wateja wanaokuja gereji kulalamikia siti huanza karibu wote na ombi moja: "Fundi, nitafutie iliyo laini." Nawaelewa, maana aliyeumia hukimbilia ulaini. Lakini kwa baiskeli za kukaa wima, yaani Phoenix, Avon, Raleigh za zamani na zile za mtumba kutoka Japani zenye kapu mbele, mara nyingi ni ulaini huo huo unaoumiza. Sponji nene inadidimia chini ya mifupa ya makalio mpaka mifupa ikutane na plastiki, na sponji iliyosukumwa inapanda katikati ya miguu, mahali ambapo mwili haukuumbwa kubeba uzito. Hapo ndipo ganzi inapoanzia.

Siti ya ngozi inafanya kazi kama kitanda cha kamba. Haina godoro. Ngozi moja nene imewambwa kati ya bamba la chuma la nyuma na pua ya mbele, ikafungwa kwa ribiti, yaani misumari iliyopondwa vichwa, na chini yake ni hewa tupu. Ukiikalia inabonyea kidogo pale tu mifupa yako ilipo, na kadiri unavyoitumia inakumbuka umbo lako. Basi unapochagua, tafuta kwanza upana unaolingana na mifupa yako, halafu chuma kizima, halafu ngozi bora. Rangi na urembo vije mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Angalia unavyokaa

Mwombe mtu akupige picha kutoka ubavuni ukiwa unaendesha kama kawaida yako. Angalia mstari kutoka nyonga hadi bega. Mstari huo ukiwa karibu wima, uzito wako karibu wote uko kwenye makalio, nyonga imelala nyuma, na unahitaji siti pana, mara nyingi yenye springi. Ukiwa umeinama mbele sana, mikono inabeba sehemu ya mzigo na siti nyembamba ndiyo itakufaa. Mwongozo huu si wako.

Baiskeli zetu kubwa za gurudumu la inchi 28 zimerithi umbo la Raleigh ya Nottingham, ambayo bomba la fremu linalopokea siti limelala nyuma sana. Kulala huko kunamweka mwendeshaji nyuma ya pedali, makalio yakiwa yamebeba mwili mzima. Ndiyo maana kumfungia mtu wa namna hiyo siti nyembamba ya baiskeli ya mashindano ni kumtesa bure.

Kama unainama kwa sababu tu usukani uko chini, upandishe kwanza, bila kuvuka alama iliyochorwa kwenye shingo yake. Ukibadilisha siti kabla ya usukani, utachagua siti ya mkao ambao kesho hutakuwa nao.

Hatua ya 2: Pima mifupa ya kukalia

Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kama la mafuta ya kupikia. Kiweke kwenye ngazi ya saruji au kigoda kigumu. Kaa juu yake ukiwa umevaa nguo nyepesi, mgongo wima kama ulivyo kwenye baiskeli, inua visigino mpaka magoti yapande kidogo, kisha shika kigoda kwa mikono miwili ujivute chini. Hesabu taratibu hadi ishirini, uinuke. Utaona mashimo mawili. Yasipoonekana vizuri, pitisha chaki kwa ubapa na yatajitokeza. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine.

Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimeta 10 na 15, na wanawake kwa kawaida wako juu kuliko wanaume. Lakini usikisie kwa kuangalia umbo la mtu. Mama mmoja anayeleta mchele hapa Moshi mjini kutoka Mabogini alikuja akitaka siti pana kuliko zote nilizokuwa nazo. "Mama, hebu kaa kwanza hapa kwenye boksi," nikamwambia. "Fundi, mwili wote huu, unapima nini tena?" Alipoinuka tukasoma sentimeta 12 tu. Unene wa makalio ni nyama. Siti inakutana na mfupa.

Kwenye siti ya ngozi mifupa yote miwili lazima itue juu ya ngozi, mbele ya bamba la chuma la nyuma, isiguse ribiti. Kwa hiyo kwa mtu wa kukaa wima mimi huongeza sentimeta 6 hadi 8 kwenye kipimo cha boksi, nikapata upana wa siti sehemu yake pana zaidi. Mwenye 12 anaanzia 18 na anakaa vizuri mpaka 20 au 21. Ikizidi sana mapaja yanasuguana na kingo kila unapokanyaga pedali, na mchubuko wa paja ni mateso mengine.

Kwa kulinganisha, chukua siti za Brooks, maana ndizo zinazotokea sana kwenye baiskeli za mtumba kutoka Ulaya. John Boultbee Brooks alianza biashara ya ngozi Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, na hataza yake ya siti ni ya 1882. B17, ambayo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1890, ina upana wa sentimeta 17 hivi na haina springi. Ni ya mtu aliyeinama kiasi. B67 ina kama sentimeta 21 na springi mbili nyuma, na kwa mkao wa wima ndiyo ninayoitazama kwanza. B33 ni kubwa zaidi, kama sentimeta 23, kwa mtu mzito. Baadhi ya hizi zina toleo la pua fupi; anayeendesha na gauni au khanga achukue hilo, maana pua ndefu inanasa nguo wakati wa kushuka.

Hatua ya 3: Ipindue

Muuzaji atakuonyesha juu, palipopakwa kiwi pakang'aa. Wewe pindua. Siti ya ngozi inakufa au inaishi kutokana na kilicho chini, na hapa usione haya kuchukua muda.

Ukiona plastiki au sponji, hiyo ni siti ya kawaida iliyovalishwa ngozi, hata kama ngozi yenyewe ni halisi. Haitajifinyanga kwako. Unachotaka kuona ni upande wa nyama wa ngozi, wenye nyuzinyuzi, na chuma chake wazi.

Kisha tafuta nati ndani ya pua. Hiyo ndiyo inayosukuma pua mbele na kukaza ngozi. Angalia bolti yake: kama nyuzi za kukazia zimebaki nyingi, siti bado ina maisha. Kama nati imefika mwisho na ngozi bado imelegea, iache, ngozi imeshanyooka yote. Jaribu nati kwa spana. Iliyoshikwa na kutu huweza kukata bolti, na bolti ya namna hiyo kuipata Moshi ni kazi.

Kagua reli, vile vyuma viwili vinavyoshikwa na kibano kinachofunga siti kwenye bomba lake. Nyufa huanza pale reli inapopinda, na pale kibano kilipokuwa kinauma. Pitisha ukucha polepole. Ukikwama kwenye mstari mwembamba, usinunue, kwa kuwa reli ikikatika ukiwa kwenye mwendo unaanguka vibaya.

Springi zibonyeze moja moja kwa kiganja. Zote mbili ziwe na ugumu sawa. Moja ikiwa laini kuliko nyingine utakaa kiupande na kiuno kitakuambia jioni. Springi za chuma nene ni za mtu mzito au mwenye kupita njia mbaya. Anayekaa mtaa wa Shanty Town na kuzunguka mjini kwenye lami anaweza kuishi bila springi. Anayetoka Chekereni au Kahe kwa njia ya vumbi, akakutana na matuta na rasta, yaani vituta vidogo vilivyofuatana, kabla hajafika mjini, springi kwake ni lazima.

Mwisho wa hatua hii ni kibano. Bomba la siti la baiskeli zetu nyingi juu limechongwa jembamba, inchi 7/8, yaani milimita 22.2, na linapokea kibano cha bolti ya kupita katikati. Baiskeli mpya za milimani zina kichwa cha kibano kilichoungana na bomba, kinachoshika reli mbili za milimita 7. Siti kadhaa za zamani za springi zina vyuma vinne chini, viwili kila upande, nazo zinataka kibano chake maalumu. Nunua siti pamoja na kibano chake, hasa ikiwa ya mtumba.

Hatua ya 4: Isome ngozi

Ngozi nzuri ya siti ni ya ng'ombe, nene milimita 4 hadi 6, iliyolainishwa kwa magamba ya miti. Hapa kwetu dawa hiyo inajulikana: magamba ya miwati, miti inayolimwa Njombe kwa kazi hiyo tangu enzi za mkoloni. Ngozi ya namna hii ni ngumu, inashika umbo, na inanusika kama mti. Ile laini ya makoti na mikoba hulainishwa kwa kemikali ya kromu. Ni nzuri mahali pake, ila ukiiwamba kama siti itanyooka na kubaki imelegea.

Vipimo vyangu ni vitatu. Tazama ukingo uliokatwa: uwe rangi moja au karibu moja hadi katikati, bila tabaka la karatasi au kitambaa. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana: alama ibaki kidogo kisha ififie. Weka tone moja la maji upande wa chini: ngozi ya magamba inalinywa na kuwa nyeusi hapo hapo, kisha inakauka na kurudi. Ngozi bandia tone litateleza.

Kwa siti iliyotumika, angalia kuzunguka ribiti. Matundu yaliyovutwa yakawa marefu, au nyufa zinazotoka kwenye ribiti kwenda mbele, ni dalili kwamba ngozi inachanika. Mikwaruzo ya juu haina neno. Mashimo mawili ya mifupa ya mwenye siti wa kwanza yanavumilika kama yako karibu na kipimo chako. Yakiwa mbali utakuwa unapigana na mwili wa mtu mwingine kila siku.

Hatua ya 5: Ifunge sawasawa

Urefu: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo.

Mlalo: anza na siti iliyolala sawa, kisha inua pua kidogo sana. Ngozi inabonyea katikati, kwa hiyo siti iliyoonekana sawa kwa rula bila mtu inakutelezesha mbele ukishakaa. Ukijikuta unajisukuma nyuma kwa mikono, pua iko chini. Ukihisi kubanwa mbele, iko juu. Rekebisha jino moja la kibano kwa wakati, endesha mtaa mzima, rudi.

Kaza kibano kwelikweli.

Hatua ya 6: Izoeshe, itunze

Siti mpya itakuwa ngumu. Anza na safari fupi za mjini kabla ya kwenda TPC, kwenye mashamba ya miwa nje ya mji, na kurudi. Usiipige nyundo, usiiloweke, na nakusihi, usiipake oili ya injini wala mafuta ya kula. Mafuta ya maji yanaingia ndani, nyuzi zinalegea, na siti inageuka chandarua. Pia yanachafua nguo bila kutoka.

Tumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ng'ombe, nta sehemu moja, mafuta sehemu mbili. Yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto usiguse kopo. Paka kwa kitambaa, juu safu nyembamba, chini zaidi kidogo, acha usiku kucha, asubuhi sugua mpaka ikauke. Fanya hivyo ikiwa mpya, kisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Inatosha.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Madigadi ya nyuma yawe kamili, kwa sababu maji ya tairi hupiga upande wa chini ambao hauna kinga. Ukiegesha nje, funika kwa kofia ya nailoni ya kuogea au kipande cha turubai. Siti ikilowa, usiikalie. Ngozi iliyolowa inanyooka na hairudi. Ikaushe kivulini penye upepo, mbali na jiko na jua la saa saba.

Nati ya pua usiiguse kwa miezi ya mwanzo. Ngozi ikianza kulegea, kaza robo mzunguko tu, endesha siku chache, kisha uone. Wanaokaza kwa furaha huchana matundu ya ribiti.

Ikifika siku pembeni zimetanuka kama masikio na katikati pamezama, bado kuna dawa. Moshi ni mji wa ngozi, kiwanda cha ngozi cha Karanga kiko hapa hapa, na mafundi viatu wa kujua kutoboa ngozi nene hawakosekani. Mpelekee atoboe matundu manne kila upande chini ya kingo, sentimeta moja na nusu kutoka ukingoni ili yasichanike. Pitisha kamba imara ya buti kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine chini ya siti, vuta mpaka pembeni zisimame, na fundo ulifungie ndani, upande wa pua, lisiguse paja.