Kupima lenzi ya mirolesi (kamera isiyo na kioo cha ndani) kabla hujalipa
Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera iwe kwenye stendi ikiutazama ukuta sawasawa (ikikaa mshazari utailaumu lenzi bure). Weka taima ya sekunde 2. Piga kwa f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi), kisha f/5.6 (likiwa limebanwa), ukuze picha kwenye skrini hadi 100%. Kona zote kufifia kidogo kwa f/1.8 ni kawaida. Lakini kona moja ikibaki na ukungu hata kwa f/5.6, huku tatu zinasomeka, vioo vya ndani vimekaa upande, irudishe.

Fokasi sasa: washa AF-C (fokasi inayomfuata mtu mfululizo), mtu atembee kukujia, piga picha 30 kwa kasi ya 1/500 ya sekunde. Masikio yakiwa makali kuliko kope, fokasi inachelewa. Rudia kwa lenzi nyingine. Huenda kosa ni la kamera.