Una hasira za karibu? Poza pitta kwanza

Kama wewe ni wale foleni ikisimama dakika mbili tu ushapanda juu, jasho linakutoka hata mbele ya feni, na chakula kikichelewa unafokea nyumba nzima, basi Wahindi wa Ayurveda, ile tiba yao ya jadi, wangekwambia pitta yako imezidi. Pitta ni moja ya nguvu tatu za mwili wanazozihesabu, ni moto na maji, watu huilinganisha na nyongo, na bibi zetu wa Pwani nao walikuwa na hesabu yao ya vyakula vya moto na vya baridi kwa hiyo sio kitu kigeni sana.

Anza na mchana. Saa nne asubuhi mpaka saa nane ndio muda wa pitta, moto wa tumbo uko juu, mlo mkubwa uliwe hapo. Mimi nilikuwa naruka lanchi nashindia kahawa, ikifika saa tisa nagombana na watu kwenye meseji, kumbe njaa tu!

Pilipili, achari, siki, vya kukaanga na pombe punguza. Ongeza tango, dafu, tikiti, karela ile mboga chungu kama unaiweza, wali na samli kidogo. Halafu chemsha bizari nyembamba, giligilani na shamari, zote nzima, kijiko cha chai kimojakimoja kwa lita moja ya maji, dakika tano hivi, chuja unywe vuguvugu siku nzima. Usitie tangawizi kwa mazoea kama mimi, hiyo ni kuni.

Hasira ikishapanda fanya shitali, yaani pumzi ya kupoza mwili: kunja ulimi kama mrija, utoe nje kidogo, vuta hewa taratibu humo, utasikia ubaridi mpaka kooni, funga mdomo toa kwa pua. Mara kumi. Ulimi ukigoma kukunjika bana meno uvute hewa katikati yake. Ila sio mbele ya bosi jamani.

Usiku paka mafuta ya nazi utosini na nyayoni, vaa soksi la sivyo mashuka yataisha, na ulale kabla ya saa nne maana pitta inarudi mpaka saa nane usiku, ndio ule muda unapata nguvu za ajabu na kuanza kujibu meseji za mchana.

Poda za Ayurveda za mtandaoni sizigusi, baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki. Na kiungulia kisichoisha kipeleke hospitali, sio kwenye shamari.