Maji ya kisima: dawa iwe ya mwisho

Ndugu zangu wenye visima huku Tanga, hasa pande za Amboni ambako salfa si ngeni, msitie klorini kwenye maji yaliyotoka kisimani saa hiyohiyo. Chuma na ile gesi inayonuka yai viza huila dawa kabla haijawafikia bakteria.

Chota jioni. Mimina kutoka ndoo hadi ndoo mara kumi hivi, ukiinua juu maji yapigwe na hewa, harufu itapungua. Funika kwa kitambaa chepesi hadi asubuhi. Maji yaliyotoka maangavu utayakuta yamegeuka rangi ya kutu, tope limetuama chini. Hilo ndilo linaloharibu kanzu nyeupe! Teka ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, ukoroge, usubiri dakika 30. Kisha nusa: klorini isiposikika hata kidogo, huenda imeliwa yote, basi chemsha.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chuma. Ya mtoto mchanga mimi huyachemsha kila mara, yatokote dakika 1 kamili.