Plagi ya moto au ya baridi? Ninavyochagua namba kwa injini ya tabo

Mteja akileta Subaru Impreza iliyoongezwa busti (presha ya tabo), mara nyingi plagi anazo tayari mkononi, na mara nyingi ni namba 8, yaani za baridi sana. Nikimuuliza kwa nini 8, jibu ni kwamba jamaa yake anayekimbiza magari anatumia hizo. Wiki mbili baadaye gari limerudi: asubuhi linagoma kuwaka, kwenye foleni linamisi, na plagi zote nne ni nyeusi kama sufuria ya kuni.

Nitatumia mfano wa EJ205, injini ya Subaru ya lita 2 yenye tabo kwenye Impreza WRX za bodi ya GDA, maana haipiti wiki bila moja kuingia hapa gereji. Mwenye 1JZ ya Toyota au 4G63 ya Mitsubishi afuate hatua zilezile, abadilishe namba tu.

Kwanza tuelewane. "Joto" la plagi halihusu ukali wa cheche. Ni kasi ya plagi kulitoa joto kwenye ncha na kulipeleka kwenye silinda hedi, kupitia uzi na washa yake. Chungulia mdomo wa plagi mbili: ile ambayo kauri yake imezama ndefu na nyembamba ni ya moto, kwa kuwa joto lina safari ndefu kutoka. Kauri fupi, plagi ya baridi. Ncha inatakiwa icheze kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanajijenga kwenye kauri na umeme unavujia humo badala ya kuruka. Ikizidi sana juu, ncha inakuwa kaa la moto, inawasha mafuta kabla ya cheche, na hapo ndipo pistoni inapotoboka. Ndiyo maana nikisita kati ya namba mbili zinazofuatana kwenye injini ya tabo, naanza na ya baridi. Nikikosea nimeharibu plagi nne, si injini.

Hatua ya 1: Jua kiwanda kilianzia wapi

EJ205 hutoka na PFR6G ya NGK, kampuni ya plagi. Hiyo 6 ndiyo joto lake. Kwa NGK, namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya baridi. Denso ni hivyohivyo ila kwa hesabu nyingine: 20 yao ni kama 6, 22 ni kama 7, 24 ni kama 8. Bosch na Champion wanakwenda kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilifunga plagi kwa kufuata namba bila kutazama jina, nikaongeza joto nikidhani napunguza. Nilishukuru kwamba mwenye gari alikuwa mzee wa taratibu.

Usiangalie joto peke yake. Chukua BKR7E: BK ni uzi wa milimita 14 na kichwa cha soketi ya 16, R ina risista, 7 ni joto, E ni urefu wa uzi, milimita 19. Uzi ukizidi urefu, pistoni itaugonga. Ukiona "-11" mwishoni, gepu yake ni milimita 1.1.

Hatua ya 2: Hesabu ulichobadilisha

Kanuni ninayoifuata, ambayo NGK wenyewe wanaitoa: kila unapoongeza nguvu za farasi 75 hadi 100, shuka hatua moja kwenda baridi. Hatua moja inapunguza joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100. WRX ya Japani ilitoka na farasi 250. Umefungua ekzosi na kubadilisha filta ya hewa tu? Baki na 6. Umeremapu (umepanga upya kompyuta ya injini), busti imepanda, uko kwenye 320 hivi? Nenda 7. Tabo kubwa, intakula (kipozea hewa ya tabo) ya mbele, unakaribia 400? Hapo ndipo 8 inapoanza kuwa na maana.

Taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, nayo ihesabu. Kuivuta mbele nyuzi 10 kunapandisha joto la ncha karibu sawa na hatua nzima. Na kama injini yako haina tabo, kumbuka mwinuko: Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini inavuta kidogo. Plagi inayoonekana salama huku ikaguliwe upya ukishuka Tanga kwa mashindano.

Kuna wanaoweka plagi ya baridi zaidi ili kunyamazisha noki, ile sauti ya injini kugonga. Noki inatokana na petroli, taimingi au joto la hewa inayoingia. Rekebisha huko.

Hatua ya 3: Nunua na weka gepu

Kwa majaribio nunua za kawaida, ambazo madukani huitwa za kopa: BKR7E. Iridiamu iache mpaka namba ithibitike. Feki zimejaa sokoni, kwa hiyo napima kila plagi kwa mita: yenye risista isome takriban omu 5,000. Ikisoma sifuri huku imeandikwa R, irudishe dukani.

Busti kubwa inaizuia cheche kuruka. Punguza gepu mpaka 0.7 au 0.8. Pinda kidole cha nje tu (kile kilichopinda juu ya ncha), ukipima kwa fila geji, usiguse elektrodi ya katikati.

Hatua ya 4: Funga

Injini ikiwa ya baridi. Kwenye Subaru hii plagi zimelala ubavuni, kwa hiyo toa betri upande mmoja na boksi la filta upande wa pili. Puliza mashimo kwa kompresa kabla ya kufungua, la sivyo mchanga unaingia ndani ya silinda. Anza kwa vidole mpaka washa iguse, kisha nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko kwa plagi mpya. Usipake grisi kwenye uzi, utakaza kupita kiasi. Ikilegea nayo, joto linakosa njia na plagi ya 7 itakudanganya kama vile ni 5.

Hatua ya 5: Isome

Hapa ndipo namba inapothibitika, na wengi hawafiki. Tembea kilomita 300 hadi 500 kwa matumizi yako ya kawaida. Kisha, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu za gari) au uwanjani, kamwe si barabara kuu, vuta gia ya tatu mpaka mwisho, kanyaga klachi, zima, acha lijivute hadi lisimame. Kumbuka usukani na breki vitakuwa vizito. Ukiliacha linguruma hata dakika mbili, masizi ya kunguruma bila mwendo yatafuta ushahidi. Tabo haipendi kuzimwa ikiwa ya moto, kwa hiyo fanya mara moja tu.

Tumia kioo cha kukuza na taa nyeupe. Rangi ya kauri, kahawia hafifu, ni nzuri, ila inaeleza zaidi mchanganyiko wa mafuta. Joto lisome kwenye kidole cha nje: kuna mstari ambapo chuma kimebadilika rangi. Ukiwa kwenye kona kinapopinda, namba ni sahihi. Ukiwa karibu na ncha, plagi ni ya baridi mno. Ukishuka kwenye shina karibu na uzi, ni ya moto mno. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri, hiyo ni alumini ya pistoni yako: zima, usiendeshe tena mpaka taimingi ikaguliwe. Mafuta mabichi ya injini ni habari ya ringi, namba haitasaidia.

Kijana mmoja aliyekuja hivyo na namba 8 tulimfungia BKR7E kwa gepu ya 0.7. Baada ya kilomita 400 mstari ulikuwa kwenye kona silinda zote, isipokuwa ya tatu iliyosogea kidogo kuelekea shina, nasi tukakuta injekta yake chafu. Zile 8 alizisafisha, ziko kwenye droo ya dashibodi zikisubiri tabo kubwa anayoichangia pesa.