Tochi Haishikwi Kiunoni: Kumtambua Mnyama Anayekula Kuku Usiku

Wafugaji wa Kibosho, Uru na Old Moshi hapa Kilimanjaro, tochi mnazo. Asiye na tochi ana simu. Kasoro iko mkononi, namna mnavyoishika. Kuku wakipiga kelele usiku, mtu anatoka na tochi usawa wa kiuno, anamulika migomba kushoto na kulia, haoni kitu, anarudi kulala. Asubuhi kuku wawili hawapo. Anayehukumiwa ni paka wa jirani, na jioni yake nyama yenye dawa ya wadudu imeshatupwa uani. Anayekufa ni mbwa wa nyumba ya pili, au bundi aliyekamata panya aliyeigusa nyama ile, bundi yuleyule anayewapunguzia panya kwenye stoo ya mahindi. Kanu, mnyama wa usiku anayefanana na paka, ndiye aliyebeba kuku, na yuko juu ya mparachichi, ameshiba.

Kanu huyo alikuwepo ulipotoka, na huenda alikuwa anakutazama. Zimekukosesha sentimita 60 tu, kutoka kiuno hadi jicho.

Nyuma ya jicho la kanu, fungo, komba, mbweha, paka, mbwa, hata mbuzi wako, kuna utando unaorudisha mwanga. Mwanga huo hausambai huku na huko, unarudi kulekule ulikotoka. Ni kama vibandiko vya kuakisi vilivyo nyuma ya malori kwenye barabara ya Moshi–Arusha: dereva anaviona vikiwaka kwa sababu macho yake hayako mbali na taa zake, ila aliyesimama kando ya barabara anaona lori jeusi. Ukimulika kutoka kiunoni, mnyama akiwa mita 15 mbele yako, mng'ao mwingi unarudi kiunoni. Macho yako yaliyo juu hayapati kitu.

Kwa hiyo tochi ikae shavuni, kando ya jicho, ielekee kule unakotazama. Kati ya taa na mboni ya jicho pasizidi sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu. Begani ni mbali mno. Juu ya kichwa pia ni mbali, na bado naona watu wazima wakiinua tochi kama wanatafuta paa linapovuja. Tochi ya kuvaa kichwani inafaa sana, ila ishushe hadi katikati ya nyusi; ikivaliwa juu ya kofia umeiharibu kazi. Simu nayo igeuze mpaka balbu yake iwe kando ya jicho, na ujue kwamba mwanga wake hutawanyika upesi, hauna nguvu ya kufika mwisho wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani.

Usiniamini kwa maneno. Leo usiku simama hatua 15 kutoka kwenye zizi la mbuzi. Mulika kutoka kiunoni, kisha pandisha tochi polepole hadi shavuni bila kuiondoa kwa mbuzi. Utaona macho yakiwaka. Nguruwe usiwajaribie, hawana utando huo, kama sisi tusivyokuwa nao.

Muda nao mnauchezea. Huku kwetu jua huzama karibu na saa 12:30 jioni, na mtu anatoka saa 1 bado kuna mwanga, anasema hakuna mnyama. Mzunguko wa kwanza ufanye kati ya saa 2 na saa 3 usiku, wa pili saa 10 alfajiri. Kabla ya kutoka zima taa ya nje na ukae gizani dakika 20 macho yazoee. Ukichungulia ujumbe kwenye simu katikati ya dakika hizo, anza upya. Chagua siku za mwezi mwandamo, si mbalamwezi. Usiku wa ukungu lala tu, maana mwanga wote unakurudia usoni. Ukiwa kihambani tembea hatua 20, simama, mulika polepole kutoka ardhini hadi kwenye matawi, halafu endelea. Wanaopeperusha tochi kama wanafukuza nzi hawaoni hata paka wao.

Rangi ya macho msiitegemee sana, inabadilika kwa pembe na kwa tochi. Pimeni kimo. Mchana zipake nguzo za banda na uzio alama za chokaa kwenye sentimita 20, 40 na 100 kutoka ardhini, ili macho yakiwaka karibu na nguzo ujue ukubwa wa mwenyewe. Macho ya chini karibu na alama ya kwanza, yanayopanda mti bila shida, mara nyingi ni ya kanu au paka. Karibu na alama ya pili, yanatembea chini taratibu, fikiria fungo au mbwa. Macho makubwa ya rangi ya moto yanayoruka kutoka tawi hadi tawi ni ya komba; huyo anatafuta wadudu, matunda na utomvu, mwacheni. Nukta ndogo zinazong'aa kama vichwa vya pini kwenye majani ni macho ya buibui, msiwaite wachawi. Nyoka hatakuonyesha macho, kwa hiyo vaa gambuti na kila unapotaka kupiga hatua mulika kwanza miguuni.

Macho yakiwa juu ya alama ya mita moja na si ya ng'ombe wako, au yakikukazia bila kuondoka, rudi nyuma ukiwa umeyaelekea. Usikimbie. Asubuhi mpigie ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Mnyama mdogo ukishamtambua, ondoa mwanga machoni mwake ndani ya sekunde chache, au funika kioo cha tochi kwa nailoni nyekundu uendelee kumwangalia anapopitia. Tundu analotumia ndilo unalolitafuta. Banda lizibwe kwa wavu wa nusu inchi, ufukiwe sentimita 30 ardhini, na juu pia, kwa sababu kanu hupita darini. Kuku wakilala kimya wiki nzima, umefaulu.

Tochi hii ni ya kuangalia. Kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, hata akiwa amekula jogoo wako wa mbegu. Na ile chupa ya dawa ya wadudu iliyobaki baada ya kupulizia kahawa irudi stoo, ifungiwe.